Ndege Mwenye Pete Mguuni

Mimi si mpenzi wa ndege, na bora niseme mapema nisije nikaonekana mnafiki huko mbele. Nimezaliwa na kukulia kwenye mpunga, upande wa Mbwera, kwenye visiwa vya delta, na mtoto wa mpunga akisikia neno ndege huangaza macho kutafuta kitu cha kurusha. Kwa hiyo mwaka juzi, vijana wa mradi mmoja wa mazingira walipofika shuleni ninakofundisha, Kibiti, wakitafuta mtu wa kuwatafsiria filamu ya ndege wanaohama, nilicheka. Nilipomaliza kucheka nikakuta mkuu wa shule ameshanitaja. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, watazamaji walikuwa watu wa kwetu, na pale shuleni mwalimu aliyetoka visiwani nilikuwa peke yangu.

Walinionyesha filamu yenyewe ofisini, siku mbili kabla ya safari, kwenye kompyuta. Ndege wadogo, jamii ya vitwitwi, wanaondoka nchi za barafu, wanavuka bahari na jangwa, wanakuja kula kwenye matope kama ya kwetu. Nilikuwa natazama huku natafuna karanga. Karibu na katikati wakatokea watu wenye makoti mazito, mmoja amemshika ndege kwa mkono kama unavyoshika yai, mwingine anamvalisha pete ndogo ya bati mguuni. Pete ina herufi na namba. Msimulizi akaeleza kwamba atakayemwokota ndege huyo, popote alipo, azinakili zile namba na kuzipeleka, ili wenyewe wajue amefika wapi. Niliacha kutafuna.

Nikawauliza wale vijana kama kipande hicho kinaweza kurukwa.

"Hicho ndicho kizuri kuliko vyote, madam," mmoja akanijibu.

Sikuwa na sababu ya kumpa mgeni. Lakini sababu nilikuwa nayo, na ni hii.

Kwetu mpunga unalimwa mabondeni, na mwenye shamba huhamia huko huko. Anajenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji yakija yapite chini, na humo anakaa na wanawe msimu mzima. Kazi inayomchosha kuliko jembe ni kuamia, yaani kufukuza ndege: kwanza wakati wa kupanda, mbegu zikiwa bado juu ya tope, halafu tena mpunga ukianza kutia maziwa. Kutoka dunguni zinatandazwa kamba pande zote za shamba, zimefungwa makopo. Ukivuta, makopo yanalia, ndege wanaruka. Ila ndege aliyeruka kwako hajapotea, anatua kwa jirani. Ndiyo maana kuna ada ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna asiyeijua. Ukishawainua ndege, unapaza sauti: "Hao wanakuja kwako!" Jirani anawahi kamba zake, naye anampigia kelele wa tatu, hivyo hivyo mpaka ndege wachoke waende zao mikokoni. Asiyepaza sauti ni sawa na aliyefungulia mbuzi kwenye shamba la mwenzake.

Shamba la mama lilipakana na la mwanamke mwenye jina kama lake, na kwetu wenye jina moja huitana somo. Walichezwa unyago pamoja, wakaolewa kitongoji kimoja, wakagawiwa mashamba yanayotenganishwa na tuta moja. Sisi watoto tulimwita mama mdogo. Nakumbuka sauti zao mbili zikipokezana kutwa nzima, somo hao wanakuja kwako, nimewaona somo, na katikati ya ndege zikapita habari za nani kaposwa na nani kaunguza wali. Nilidhani mashamba yote duniani yana sauti mbili.

Nilipokuwa na miaka kumi, asubuhi moja ya kupanda, nilikuta ndege kwenye tanzi langu. Nilikuwa nimelitega mwenyewe kando ya lile tuta la mpakani. Hakuwa kwelea kwelea. Alikuwa ndege wa matopeni, miguu mirefu, mdomo kama sindano ya kushonea magunia, na mguuni alikuwa na pete. Nikamkimbizia mama. Mama alimtazama, akaona zile herufi, akarudi nyuma hatua mbili.

"Huyu ni ndege wa mtu," alisema.

Ndege wa mtu ni ndege aliyetumwa, na kwetu hakuna anayeuliza ametumwa kufanya nini. Majirani wakaja kumwona. Somo wake naye akaja, akiwa na tope mpaka magotini, akainama, akaitazama pete, akacheka. "Ebo! Ndege kavaa kuliko sisi!" alisema. Wengine walikuwa wameshika vinywa. Yeye peke yake alicheka, na shamba alikotokea ndege, kwa jinsi tanzi lilivyolala, lilikuwa lake.

Siku ya pili yake mdogo wangu wa kike akashikwa na homa. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Baba alikuwa mbali, kwenye kambi ya wavuvi wa kamba. Mama alimbeba mtoto mpaka kwa mganga ng'ambo ya kijito, na huko tukakaa siku tatu. Ndege alichinjwa, pete ikatupwa kwenye maji ya kina, mtoto akafukizwa. Siku ya nne mama aliamka, akamtazama mtoto, hakuaga mtu, akamtia kwenye mtumbwi kumpeleka zahanati, mwendo wa nusu siku. Mdogo wangu alifia njiani, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja yangu.

Mama hakuwahi kutamka kwamba somo wake ndiye aliyeua. Alikuwa na neno moja tu, na alilisema hata mbele ya wazee waliokuja kusuluhisha: "Alicheka." Tangu siku hiyo hakumwita somo, wala hakumsalimia. Ndege walipotua kwetu alivuta kamba kimya kimya, wakaruka wakaenda kula upande wa pili, na upande wa pili nao ukajifunza kunyamaza. Misimu ikapita karibu thelathini namna hiyo. Ukizijua zile sauti za zamani, kimya kile kilikuwa kinauma masikio.

Sasa linakuja langu. Nilipokuwa chuo cha ualimu, kwenye maktaba, nilifungua kitabu cha viumbe nikaona picha ya ndege mwenye pete mguuni, na chini yake maelezo. Nilisoma mara moja, nikakifunga, nikakirudisha mahali pake. Nilikaa na jambo hilo miaka kumi na sita. Nilijiambia ni huruma. Kumwambia mama kwamba yule ndege hakutumwa na yeyote ni kumwambia kwamba mtoto wake alikuwa na homa tu, homa ya kawaida ya bondeni, na kwamba zile siku tatu za mafusho ndizo zilizotakiwa kuwa za mtumbwi. Nani amwambie mama yake hivyo? Ila nikisema kweli yote, haikuwa huruma peke yake. Tanzi lilikuwa langu. Bila tanzi ndege angekula akashiba akaenda zake, na mimi nilipendelea somo wa mama naye awe na hatia kidogo.

Basi tukaenda. Kutoka Kibiti mpaka Nyamisati kwa gari la mradi, kutoka Nyamisati kwa boti mpaka kwetu. Filamu ilionyeshwa mchana, darasani, madirisha yamezibwa kwa mikeka na vitenge, jenereta linanguruma nje. Joto lake sikuambii. Wanaume walikaa kwenye madawati, wanawake chini upande wa kushoto, wengi na ukili mikononi, wakisuka. Mama alikuwa safu ya pili. Somo wake alikaa karibu na mlango. Kati yao lilikuwepo darasa zima, kama ilivyokuwa katika kila arusi na kila msiba.

Wale vijana walitegemea watu watastaajabu. Walistaajabu, ila si kwa namna iliyotegemewa. Kundi la kwanza la ndege lilipojaza kitambaa cheupe kilichotundikwa ubaoni, wanawake wote kwa pamoja walipiga ukelele, "Hoooo!" na mmoja akavua kandambili. Ilikuwa mikono yao tu, akili ilikuja baadaye. Darasa likaangua kicheko. Mzee mmoja akainua mkono.

"Mwalimu, hao wote wanakuja huku?"

"Wengine, babu."

"Na njia nzima hiyo hakuna wa kuwazuia?"

Kipanga alipomnasa mmoja hewani, watu walipiga makofi. "Mle huyo! Rudia na mwenzake!" Vijana wa mradi wakatazamana. Nilitakiwa niwaonee huruma, lakini nilikuwa nafurahi mno. Kwa mara ya kwanza niliona filamu ikitazamwa na watu wanaomjua anayeonyeshwa, wanaojua anakula nini na anakula cha nani.

Halafu ikaja dhoruba. Ndege wako katikati ya bahari, upepo unawarudisha nyuma, wanashuka chini, wengine wanagusa maji na hawainuki. Kamera ikamfuata mmoja aliyebaki peke yake, anapiga mbawa, anapiga mbawa, na hakuna pa kutua. Nilitafsiri kwamba kwa siku kadhaa hali wala halali. Darasani vicheko vilikwisha. Mwanamke mmoja, ambaye kwa kombeo hana mpinzani kitongoji kizima, alisema taratibu kana kwamba yuko peke yake:

"Maskini. Kumbe wanatoka mbali hivyo. Halafu anafika kwangu nampiga jiwe."

"Usipompiga utakula nini?" jirani yake akamjibu.

"Nitampiga. Nasema tu."

Sijasikia maneno ya kweli kuliko hayo kuhusu filamu yoyote. Nilikuwa bado nayafikiria pale watu wa makoti mazito walipotokea. Mkono ukamshika ndege. Pete ikaonekana, kubwa kitambaa kizima, kila herufi wazi. Nikashika maikrofoni nikasema, kwa sauti yangu ya darasani kabisa:

"Hapa wataalamu wanawapima ndege afya zao."

Nilidhani nimepita. Picha inayofuata ingekuwa ya matope, watu wangesahau. Lakini karibu na mlango mtu akasimama.

"Simamisheni hapo," alisema somo wa mama. Kijana akasimamisha. Picha ikaganda kwenye mguu na pete. "Mwanangu, kile anachovalishwa ni nini?"

Watu wazima wote mle ndani walikuwa wanaijua habari ile. Hakuna aliyegeuka kumtazama mama, na jinsi walivyojizuia kugeuka ilikuwa sawa na kugeuka. Mimi nilimtazama. Ukili ulikuwa umesimama mikononi mwake.

"Ni pete, mama mdogo," nikasema.

"Ya nini?"

"Ya kumtambua. Wanamwandika namba, wanamwachia, wapate kujua anafika wapi."

"Nani anawavalisha?"

"Watu wa huko wanakotoka. Ndiyo kazi yao. Wanavalishwa ndege wengi."

"Tangu zamani?"

"Tangu zamani."

"Si ndege wa mtu." Hakuwa anauliza.

"Si ndege wa mtu, mama mdogo."

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Endeleeni." Akajifunga kanga yake vizuri, akakaa, akatazama filamu mpaka mwisho.

Kijana wa mradi alikuwa ameng'aa uso. "Kwani mlishawahi kumpata mmoja hapa?" aliuliza. "Pete yake iko wapi? Zile namba mnazo?" Alikuwa anatabasamu, na wala simlaumu. Yule mzee wa swali la kwanza akasema, "Ilitupwa majini, baba. Washa mashine yako."

Filamu ilipokwisha watu walipiga makofi ya adabu, wakatoka. Mama alitoka bila kunisubiri.

Nililala kwake. Alinipakulia wali na samaki, akaniuliza habari za wanangu, basi. Asubuhi nikiwa nafunga mkoba, alikuja akasimama mlangoni, na mara moja nikawa wa miaka kumi.

"Ulijua tangu lini?"

Nikafikiria kusema uongo, nikachoka kabla sijaanza. "Tangu chuoni."

"Tangu chuoni." Alihesabu mwenyewe, niliona midomo inacheza. "Mimi nilimkosea mtu kwa kutojua. Wewe ulikuwa unajua, na kila mwaka ulikuja ukala mpunga wangu, ukaniangalia."

"Nilikuonea huruma, mama. Zile siku tatu..."

"Zile siku tatu nazijua!" Sijawahi kusikia sauti ile, wala kabla wala baada. "Unadhani nilingoja filamu? Nilijua siku ya nne, nilipomtia kwenye mtumbwi. Ningekuwa sijui ningemwondoa kwa mganga? Nimezika mwana nikarudi kupanda wiki ile ile. Halafu wewe, kwa kusoma kwako, ukaona mimi sitaweza kubeba."

Nikamwambia habari ya tanzi. Nilikuwa nalia, na nililia vibaya, kama mtu mzima asiyezoea. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Tanzi?" alisema. "Kila mtoto alikuwa na tanzi."

Boti lilikuwa linangoja. Nilirudi Kibiti nikiwa na aibu ya miaka kumi na sita, na sasa haikuwa na pa kujificha. Wiki zilizofuata nilimpigia simu mara nyingi kuliko kawaida. Mtandao ukikubali tulizungumza mvua, tukazungumza bei ya mafuta ya taa. Habari ya somo wake hakuigusa, nami sikuthubutu. Shangazi aliyepita Bungu akielekea Dar aliniambia kwa simu kwamba wanawake hao wawili wamekutana msibani, na mama akatoa salamu ya jumla, ile ya kusalimia nyumba nzima. Nikakasirika. Nilitaka aende akaombe radhi kwa maneno, mbele ya watu, kama filamu ilivyosema kwa maneno mbele ya watu. Ni rahisi kupangia watu wengine toba zao.

Likizo ya Desemba nikaenda. Mvua za vuli zilikuwa zimelainisha bonde na mama alikuwa ameshahamia dunguni, na magoti yake yale. Nikapanda ngazi nikakaa naye. Mbegu zilikuwa juu ya tope, siku ya pili tangu zimwagwe. Upande wa pili wa tuta, dunguni kwake, somo wake alikuwa anaonekana, amekaa na kamba mkononi. Walikuwa wazee wawili waliokaa karibu kiasi cha kusikiana wakikohoa.

Jua lilikuwa limepanda kidogo pale ndege walipokuja. Walitokea kwenye matete, wengi, wakatua kwetu. Mama akavuta kamba, makopo yakalia, kundi likainuka, likazunguka mara moja kama kawaida, likaelekea upande wa pili. Kisha mama akasimama. Alishika nguzo ya dungu kwa mkono mmoja.

"Hao..." Akakohoa, akaanza upya. "Somooo! Hao wanakuja kwako!"

Niliangalia. Ndege walikuwa wameshatua kwenye shamba la somo wake, na yeye alikuwa amesimama, kamba iko mkononi, haivuti. Alikuwa anatutazama sisi. Ndege walikuwa wanakula mbegu zake, wanazila kabisa, shamba limeingia weusi, na yule mama amesimama tu.

"Vuta kamba!" mama akapiga kelele. "Somo, wanamaliza! Vuta!"

Hakuvuta. Basi mama akashuka ngazi. Nilitaka kumsaidia akanisukuma mkono. Alikwenda na tope hadi magotini, kanga imeinuliwa, akilipita shamba lake mwenyewe na kuzikanyaga mbegu alizozipanda juzi, akafika kwenye tuta, akalivuka. Alikuwa anapunga mikono miwili na kupiga ukelele, hoo, hoo, mpaka ndege wakainuka wote kwa mpigo. Alipofika chini ya dungu la somo wake alikuwa anahema. Alisema maneno ambayo sikuyasikia, marefu kidogo. Somo wake akakaa chini pale pale juu, akajifunika uso kwa kanga, na mabega yake yakaanza kutikisika. Kwa mbali sikuweza kujua kama analia au anacheka, na mama naye nadhani hakujua, maana alisimama akingoja.

Ndege walikuwa wamezunguka. Walikuwa wanarudi kwetu, na dunguni nilikuwa peke yangu.

Kule ng'ambo kanga ikashuka usoni. "Mwanangu!" somo wa mama aliniita, sauti ile ile ya zamani, imekwaruza tu. "Umelala? Hao wanakuja kwako!"

Nikaivuta kamba kwa nguvu zangu zote.